Blanketi Juu ya Sauti

Nikiingia mahali popote nisipopajua, hupiga kofi. Viganja viwili, mara moja tu: pa! Benki nimepiga, hospitalini nimepiga, hata sebuleni kwa wakwe zangu siku ya kwanza nilipopelekwa kujitambulisha nilipiga, mpaka mama mkwe akauliza kama kuna mbu. Si wazimu. Unapiga kofi kavu, unanyamaza, unasikiliza jinsi chumba kinavyolijibu: sauti inarudi haraka, au inazungukazunguka, au inamezwa na mapazia. Fundi mitambo wa kweli hahitaji mashine ya kumweleza ukumbi ukoje.

Basi Ijumaa ile jioni, mimi na mke wangu tulipoingia kwenye mgahawa, nikapiga kofi pale pale mlangoni. Watu wawili waliokuwa wakisubiri meza wakashtuka. Mhudumu akaja mbio akidhani anaitwa. Mimi nilikuwa nimeinua uso, nasikiliza. Kofi lilirudi laini, tulivu, kama limepigwa chumbani kwenye magodoro. Ukumbi mzuri, nikasema moyoni. Kama muziki wa hapa ni mbaya, basi kosa ni la fundi wao.

"Baba Pacha," mke wangu akasema, "leo tu. Nakuomba leo tu."

"Nipo kazini."

"Upo kwenye chakula na mkeo. Kazi ni baada ya kula."

Wote wawili tulikuwa na haki, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Mwenye mgahawa, bwana mmoja mnene ambaye watu wanamwita Tajiri na yeye anaitika bila haya, alikuwa amenipigia simu Jumanne. Bendi yake, alisema, inapiga kila Ijumaa na Jumamosi, lakini wateja wanakula kama wako msibani. Hakuna anayegeuka, hakuna anayeshangilia. Yeye mambo ya mitambo hayajui, ila kuna mtu kamnong'oneza kuwa tatizo liko kwa fundi wake, na mkataba wa fundi huyo unaisha mwisho wa mwezi. "Njoo na mama," akaniambia. "Mle, msikilize, halafu uniambie kama nimbakize huyu au nikuchukue wewe."

Nikuchukue wewe! Nilikuwa na miezi minane sijaambiwa maneno hayo. Miaka ishirini na mitatu nimesimama nyuma ya mikisa, ile meza yenye vitufe vya kuzungusha, nikichanganya sauti ya mwimbaji na ya gitaa na ya ngoma mpaka zikae nyumba moja bila kugombana. Nimefanya harusi, mikutano ya hadhara, matamasha ya uwanjani. Halafu simu zikaanza kupungua. Familia moja ya bibi harusi ilidai niliwapigia makelele. Bendi niliyoihudumia miaka tisa ikaniambia inapumzika kidogo, na wiki iliyofuata nikaiona kwenye bango, haijapumzika hata chembe. Nikasema ndiyo dunia, wameingia mafundi wa bei ya chini wanaharibu soko. Nyumbani tukawa tunaishi kwa mshahara wa mke wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, na pacha wetu walikuwa wanaingia kidato cha tatu. Kwa hiyo nisijitie utakatifu: niliingia mle nikitaka kabisa muziki uwe mbovu.

Tulipewa meza nzuri, katikati, si mbali na jukwaa. Mahali penyewe zamani palikuwa ghala. Sasa pamewekwa vigae sakafuni, ukuta wa upande wa barabara ni kioo kitupu, na kila meza ina kitaa kidogo na ua moja ndani ya chupa. Mke wangu aliligusa lile ua kuona kama ni la kweli. Lilikuwa la kweli, akafurahi. Alikuwa amevaa gauni lake la bluu, lile analolitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Nikakumbuka kwamba kwa miaka yote hiyo tukitoka pamoja jioni, yeye hukaa karibu na masanduku ya nyaya, peke yake, na mimi niko kazini. Harusi za watu wangapi amezila akiwa ameegemea spika! Lile lilinichoma kidogo, lakini sikuliweka moyoni muda mrefu, maana mhudumu alikuwa amefika.

Mhudumu alikuwa mtu mzima mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, na sijui ni nani aliyemwajiri, kwa sababu alikuwa anazungumza kama ana maji mdomoni. Nikaambulia neno "kuku" na neno "leo".

"Unasemaje?"

Akarudia. Maji yakawa mengi zaidi.

"Tuletee kuku wa kuchoma wawili na viazi," mke wangu akamwambia, "na yeye asiwekewe pilipili." Siku hizi ndivyo anavyofanya, ananijibia kila mahali, dukani, kwa fundi bomba, hata kwenye simu. Nilimwambia mhudumu anatakiwa afundishwe kufungua mdomo. Mke wangu akakunja kitambaa cha meza mara nne, akakikunjua tena.

Bendi ikapanda. Mwimbaji mwanamke aliyevaa kijani, mtu wa gitaa, wa besi, wa kinanda na wa ngoma. Wakaanza, na baada ya nusu dakika nilikuwa nataka kucheka kwa furaha na kulia kwa hasira, vyote kwa pamoja. Ilikuwa mbovu! Mbovu kuliko nilivyoomba! Besi ilikuwepo, sawa. Ngoma kubwa ilikuwepo. Lakini juu yake hapakuwa na kitu. Mwimbaji alikuwa anaimbia ndani ya gunia. Niliona fimbo ya mpiga ngoma ikipiga toazi, nikasikia kama mtu anagonga daftari. Sisi mafundi tunasema sauti imefunikwa blanketi, na hili halikuwa blanketi moja, yalikuwa manne.

Mke wangu alikuwa anatikisa mabega polepole na kutabasamu.

"Unasikia ule uchafu?" nikamuuliza.

Akasema kitu.

"Usinung'unike, Mama Pacha. Sema."

Akaweka uma chini. Huyu ni mtu anayefundisha watoto tisini kwenye chumba kimoja, na yule wa dawati la mwisho anamsikia. Akanitazama usoni, akatamka neno moja moja, kama anavyowatamkia wao. "Nimesema. Kwangu mimi. Inasikika vizuri."

"Wewe si fundi."

"Si fundi. Mimi ni mtu niliyetolewa kwenda kula. Kula basi, chakula kinapoa."

Nikala, lakini nilikula kwa hasira, na chakula cha hasira hakina ladha. Ilinikera kwamba watu walikuwa wamekaa mle wakiinamia sahani zao wakati mwimbaji mzuri anazikwa hai mbele yao. Nikaanza kumtafuta kwa macho huyo fundi wao. Nikamwona pembeni, karibu na mlango wa jikoni, nyuma ya mikisa. Nikamjua.

Nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu miaka saba iliyopita, mwanamke wa miaka ishirini na nane, ameacha kazi ya kuuza vipuri vya redio, akasema anataka kujua. Nikamwanzisha pale ninapowaanzishia wote, kukunja waya. Waya unakunjwa pindo moja kwa juu, pindo moja kwa chini, ili ukiurusha ufunguke bila fundo. Wengi hukimbia wakiwa hapo. Yeye alikunja nyaya miezi minne bila kulalamika. Alikuwa na masikio safi, nami nilimwambia hivyo, jambo ambalo sijawahi kumwambia mwanafunzi mwingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Niliyaona maji yenyewe yakitiririka kwenye zile spika.

Bendi ilipopumzika alikuja mezani moja kwa moja.

"Shikamoo, Fundi Mkuu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," tukaitika.

"Nimelisikia kofi nikajua ni wewe." Alitabasamu, halafu tabasamu likapungua. "Umekuja kula au umekuja kusikiliza?"

"Vyote."

Hakuwa mjinga. Alitazama kule kaunta, Tajiri alikokuwa amesimama akitutazama huku anajifanya anahesabu chupa. Akaelewa kwamba unga wake uko mikononi mwangu, na nikitaka naumwaga. Badala ya kuona aibu nikakasirika, kwa sababu mtu akikufanya uone aibu ni rahisi zaidi kumkasirikia.

"Kwa nini umemzika mwimbaji?" nikamuuliza.

"Sijamzika, Fundi."

"Sauti za juu hazipo! Matoazi hayapo. Maneno yote yamekosa ncha."

Akamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama sahani. Niliona macho yao yakipita juu ya meza yangu kama vile mimi ni mtoto, na sikupenda hata kidogo.

"Ukumbi huu ni vigae na kioo," akasema taratibu, kwa sauti kubwa kidogo. "Nikiongeza za juu hata kidogo, zinachoma. Kofi lako mwenyewe lilirudi kali kama kisu. Kwani hukulisikia?"

"Lilirudi laini."

Mtu niliyemfundisha kukunja waya, leo ananieleza habari za kofi! Nikamwambia arudi kwenye mitambo yake, mapumziko yanakwisha. Akainamisha kichwa, akaenda.

"Ulikuwa mkali," mke wangu akasema.

"Nimlambe miguu?"

"Ulikuwa mkali kwa mtu aliyekuja kukuamkia."

Kabla sijapata la kumjibu, Tajiri akatua mezani kwetu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine kwenye kiti cha mke wangu. Alikuwa ananukia manukato ya watu watatu. "Enhe, Fundi! Mgonjwa wangu anaumwa nini?"

"Sauti imefunikwa blanketi," nikasema.

"Blanketi!" Alilipenda lile neno hapo hapo, akalirudia kwa meza ya jirani, watu asiowajua. "Mnasikia? Blanketi! Nilijua mimi kuna kitu. Unaweza kulifunua?"

"Dakika tano."

"Basi lifunue. Sasa hivi. Nataka nione kwa macho yangu."

Sikulitegemea lile. Nilidhani nitasema maneno yangu, nitapewa mkono, nitakuja Jumatatu ukumbi ukiwa mtupu. Nikafuta mikono, nikasimama. Mke wangu akanishika kifundo cha mkono, akanishika kweli.

"Kaa, Baba Pacha."

"Mama Pacha, hii ndiyo kazi yenyewe."

"Najua ndiyo kazi. Mwambie utakuja kesho mchana, watu wakiwa hawapo. Utajaribu mwenyewe, taratibu. Leo kaa nami."

"Unataka anipite tena mtu mwingine? Hujachoka kutulisha peke yako?"

Nilisema hivyo mbele ya Tajiri. Mke wangu akaniachia mkono. Nilikwenda nikiwa namlaumu yeye, kwamba siku yangu inarudi na yeye anaivuta shati kwa nyuma. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini mwenye sikio hilo huwa wa mwisho kupewa taarifa.

Yule mwanafunzi wangu wa zamani, sasa fundi mwenzangu, alisogea kando. Aliniachia nafasi yote, mikono nyuma, kama siku zile za kwanza. Bendi ilikuwa inapanda. Akasogea karibu na sikio langu, akasema kitu kuhusu maiki ya mwimbaji na spika iliyo karibu naye. Nikampungia mkono kumnyamazisha. Maiki na spika! Mimi ndiye niliyemwambia hayo mwaka wa kwanza.

Wakaanza wimbo. Nikashika kitufe cha sauti za juu za matoazi, nikakizungusha robo. Hakuna. Nikaongeza nusu. Likaja kwa mbali, tsi, tsi, tsi. Nikahamia kwa mwimbaji, nikamwongeza, nikamwongeza tena, na maneno yake yakaanza kuota meno. Nikasikia pumzi yake kabla ya mstari. Nikasikia kucha za mpiga gitaa zikikwaruza nyuzi. Jamani! Miezi minane sijagusa mikisa, na vidole vyangu vilikuwa bado vinajua njia. Nilihisi machozi, nasema kweli, nikajifanya nainama kutazama taa za mitambo.

Nilipoinua uso, watu walikuwa wanageuka. Meza ya kwanza, ya pili, ya sita. Ukumbi uliokuwa umeinamia sahani sasa wote uso kwenye jukwaa. Kule kaunta Tajiri aliinua dole gumba, halafu akainua na la pili. Nikaona nimeshaipata. Nikaongeza tena, kidogo tu, ile ya kuweka muhuri.

Mama mmoja akapeleka kiganja sikioni. Nikadhani anaweka hereni sawa. Bwana aliyekuwa naye akapeleka viwili. Mhudumu mwenye masharubu aliweka sinia zima la glasi sakafuni, sakafuni kabisa, akaziba masikio akiwa amechuchumaa. Mtoto aliyepakatwa na bibi yake akafungua mdomo wote kulia. Mwimbaji alikuwa amekunja uso, anaivuta maiki mbali na mwili wake kama imemng'ata. Mpiga gitaa akaacha, wa kinanda akaacha, wa ngoma fimbo zikabaki hewani. Muziki ukakatika wote.

Sasa kukawa kimya. Kimya kabisa. Zaidi ya mtoto anayelia, sikusikia kitu. Na ukumbi mzima ulikuwa bado umeziba masikio.

Nilisimama pale nikiwatazama. Wapishi walikuwa wametoka mlangoni mwa jikoni na viganja masikioni. Nilitafuta meza yetu katikati ya mikono yote ile. Mke wangu alikuwa ameweka mikono yake mapajani. Alikuwa amekaa wima, ananitazama, peke yake mle ndani asiyeziba masikio.

Mkono ukapita mbele ya kifua changu, ukarudisha kitufe kimoja chini. Mikono yote ukumbini ikashuka kwa pamoja.

"Spika zilikuwa zinapiga mluzi," fundi mwenzangu akasema karibu na sikio langu.

"Sikuusikia."

"Najua, Fundi."

Hakulisema kwa dharau, na ningependa angelisema kwa dharau. Akaanza kurejesha vitufe pale vilipokuwa, kimoja kimoja, na kila alichokigusa kikanipotezea kitu: kwanza kucha za mpiga gitaa, halafu pumzi ya mwimbaji, halafu lile toazi. Bendi ikaanza upya. Blanketi likarudi mahali pake, na watu wakashika uma zao. Wao walikuwa hawajafunikwa kitu. Niliyefunikwa ni mimi.

Tajiri alikuja akicheka, anatoka jasho. Nilijua amekuja kunifukuza, nikajiandaa. Akanikumbatia!

"Umewaona?" akasema. "Umewaona walivyogeuka? Miezi mitatu nalipa bendi, hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka. Wewe dakika mbili, ukumbi mzima!"

"Ule mluzi..."

"Mluzi ajali kazini! Mitambo ni mitambo. Ninachotaka mimi ni watu wageuke. Jumatatu uje nikupe mkataba."

Tajiri aliyasema hayo fundi mwenzangu akiwa amesimama hatua moja kutoka kwetu. Alikuwa ameshika waya uliokuwa umefunguka, anaukunja, pindo la juu, pindo la chini, macho yako kwenye waya. Angeweza kusema. Yalikuwa maneno matatu tu: huyu mzee hasikii. Kazi ingebaki yake, na mimi ningepata mtu wa kumkasirikia, ningembishia mbele ya watu wote, ningedai alete cheti cha daktari. Nilimsubiri aseme. Hakusema, akaendelea kukunja waya wangu kama nilivyomfundisha.

Nisidanganye kwamba nilikuwa mwema mara moja. Niliwaza haraka sana, na niliwaza kama mwizi. Niliwaza kwamba vitufe vina namba, naweza kujifunza kuviweka kwa macho. Niliwaza kwamba Tajiri hajui lolote, wateja wanakula tu, na mwaka mmoja ungetosha kuwasogeza pacha wangu mbele shuleni. Niliwaza kwamba huyu bado mbichi, ana masikio yake, atapata kazi kokote. Kisha nikaona waya wote umekwisha kukunjwa na bado ameushika, hajui auweke wapi.

"Tajiri," nikasema, "hawakugeuka kusikiliza. Walikuwa wanaumia."

"Sasa hayo..."

"Mimi sauti za juu sizisikii. Wote humu ndani wamesikia mluzi, mtoto mchanga kasikia. Mimi sikusikia."

Akacheka. "Fundi mitambo asiyesikia! Hiyo kali." Akatutazama mimi na yule mwanamke, mmoja baada ya mwingine, na kicheko kikamwishia mdomoni. "Unanitania?"

"Natamani."

"Sasa ukumbi wangu una tatizo gani?"

"Hauna. Sauti yako ni safi. Huyu mbakize, na umwongeze mshahara, maana hiki kioo chako kingemshinda mwingine."

"Na mbona hawageuki?"

"Wanakula, Tajiri! Umewauzia chakula, waache wale!"

Nilimfokea, sijui kwa nini nilimfokea yeye. Akakunja uso, akasema basi nimemlia kuku wake bure, akaenda zake kaunta kuhesabu chupa, safari hii kweli. Fundi mwenzangu alifungua mdomo kusema kitu. Nikamwambia, "Usinishukuru, tafadhali, nitapasuka." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mikisa. Nikatembea mpaka mezani kwetu, hatua kama ishirini, na kila meza niliyopita nilidhani wananisema. Labda walikuwa wananisema. Ningejuaje?

Nikakaa. Mke wangu alikuwa ameifunika sahani yangu na sahani nyingine ili chakula kisipoe.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Birika lilikuwa linapiga filimbi jikoni, na wewe umekaa karibu nalo unasoma gazeti."

"Na hukuniambia!" Hasira zote nilizozimeza njiani zikanirudi kooni. "Mwaka mzima! Umeniacha naharibu harusi za watu, umeniacha nakuja kujiaibisha hapa, na hukuniambia!"

Hakunyanyua sauti. Alisogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akaniangalia usoni nione midomo yake, na hapo nikatambua kwamba amekuwa akifanya hivyo kwa muda mrefu.

"Nilikwambia mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza nilikwambia siku ile ile ya birika, ukasema nanung'unika. Mara ya pili nilikuandikia jina la daktari wa masikio kwenye karatasi, ukaandika orodha ya nyaya kwa nyuma, ukaenda nayo dukani. Mara ya tatu ni leo, ndani ya teksi. Nilikwambia nenda ukale tu, usimwahidi kitu, Jumatatu twende wote hospitali. Ukanijibu, ndiyo, gauni limekupendeza."

Nilikumbuka lile jibu. Nilikuwa nimejisifu moyoni kwamba nimekuwa mume mwema.

Kule jukwaani mwimbaji alikuwa anaimba, nami nikamwona anaimba. Mabega ya mke wangu hayakuwa yakitikisika tena. Jioni yake moja, aliyoiomba pale mlangoni, ilikuwa imekwisha, na aliyeimaliza alikuwa mimi. Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba tangu nilipokuwa nyuma ya mitambo.

"Ule mluzi. Ulikuwa mbaya?"

"Mbaya sana. Mpaka sasa kichwa kinauma."

"Kila mtu aliziba masikio. Wapishi waliziba. Wewe mbona hukuziba?"

Akanitazama kama naye ananishangaa kuuliza.

"Ulikuwa unanitazama," akasema.